Bethdei bila keki: tulivuka maji kutafuta mbadala wake

Tuseme ukweli, msomaji wetu: sisi Wabongo keki hatuili, tunalishana. Nenda kwenye bethdei yoyote hapa Dar es Salaam, iwe ya mtoto wa miaka miwili au ya bosi wa hamsini, utakuta mambo ni yale yale. Keki inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kinachomwa kijiti cha meno, halafu MC anaanza kuita: wazazi, wakwe, marafiki wa utotoni, majirani, wafanyakazi wenzake. Wanapita mbele mmoja mmoja, wanalishwa, wanalisha, picha inapigwa, makofi. Utamu wa keki yenyewe wala haujadiliwi. Wengi wetu tunajua kwamba zile keki za ghorofa tatu zilizopakwa sukari ya rangi zinapendeza machoni kuliko mdomoni. Kinachofuatwa pale ni ule mkono unaokuja mdomoni kwako mbele za watu.

Sasa mfikirie mtu ambaye hawezi kulishwa.

Mume wangu ana siliaki. Aligundulika miaka miwili iliyopita, baada ya kuhangaika muda mrefu na tumbo, kupungua uzito na kuishiwa damu bila sababu ya kueleweka. Watu huwa wanadhani ni mzio, kama wa karanga au wa pweza. Si hivyo. Ipo protini inaitwa gluteni, inapatikana kwenye ngano, shayiri na rai, na kwa mtu mwenye siliaki protini hiyo inaufanya mwili uushambulie utumbo wake mwenyewe. Kidonge cha kuiponya hakuna. Tiba ni kuachana na vyakula hivyo maisha yote, na siyo kupunguza, ni kuacha, maana hata makombo yanadhuru.

Chakula cha kila siku tulikizoea upesi, tena kuliko nilivyotegemea. Ugali upo, wali upo, ndizi, mihogo, viazi, mtama, vyote vipo na havina neno. Nadhani mtu asiyekula ngano anaishi kwa nafuu Tanzania kuliko kule Ulaya ambako siku inaanza na mkate. Chapati na maandazi aliviaga kiume. Bia ya shayiri ilimuuma zaidi, si unajua tena, Mchaga. Lakini kilichotushinda kabisa ni sherehe.

Mwaka jana wenzake ofisini walimfanyia sapraizi. Keki kubwa, jina lake juu, maputo. Alirudi nyumbani jioni nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Nimewalisha wote kumi na wanne. Mimi nikalishwa tikitimaji." Alicheka, lakini mie namjua kicheko chake cha kweli na kile cha kuniridhisha. Kuna mmoja hapo ofisini aliyenong'ona kwamba jamaa anaringa.

Wikiendi ile ile nikaagiza keki isiyo na ngano kwenye duka moja la keki mjini. Ilikuja ndogo kama bakuli la supu, kavu kama mchanga wa Coco Beach, na bei yake sitaiandika hapa kwa sababu mama yangu naye anasoma gazeti hili. Na kwa vile ilikuwa ndogo, ikabidi keki ziwe mbili mezani: ya wageni katikati, ya kwake pembeni. Ile ya pembeni ndiyo iliyoharibu kila kitu. Wageni wakawa wanaiangalia kwa huruma, kama uji wa mgonjwa. Mwaka huu alipokaribia kutimiza 35 akaniambia mapema, "Hii bethdei tuiruke tu."

Kuruka sikutaka. Na nilijua hoja ya kumtegea, tena ya kwao kabisa: ndafu. Kwenye sendofu na harusi za Wachaga, mbuzi mzima aliyechomwa anasimamishwa mezani, amepambwa, majani mdomoni, anakatwa na kulishwa watu kama keki, na wala hakuna anayeuliza unga uko wapi. Basi nani kasema keki lazima iwe ngano? Akakubali hoja, ila akasema watu wawili hawawezi kumaliza mbuzi. Tukakubaliana tutafute kitu kitamu. Kikatike kwa kisu, kibebe mshumaa, na kubwa kuliko yote, wote tule hicho hicho kutoka sahani moja. Hakuna cha pembeni.

Binamu yake anafanya kazi Unguja. Nilipomweleza kwenye simu, jibu lake lilikuwa fupi: "Huku vitamu vya mchele, nazi na muhogo vimejaa. Njooni Ijumaa."

Boti ya kasi kutoka Dar inachukua kama saa mbili. Ukikaa nje nyuma unapigwa upepo mzuri, ukikaa ndani unapewa mfuko wa kutapikia. Tulikaa nje. Ukishuka bandarini Malindi, dakika chache kwa miguu tayari uko ndani ya Mji Mkongwe, ule uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mapenzi na vichochoro vile yanaenda pamoja, hilo naomba niliseme. Ni vyembamba kiasi kwamba pikipiki ikipita lazima mkumbatiane ukutani. Mume wangu siyo mtu wa kushikana mikono barabarani, lakini mpaka tunafika Darajani tulikuwa tumeshashikana mara sita kwa sababu za usalama.

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na viungo vinanukia kabla hujayaona mapaa yake. Hapo ndipo tulipoanza kazi, na mwanzo haukuwa mzuri. Kaimati zinang'aa kwa shira: ngano. Visheti: ngano. Mkate wa ufuta, mtamu mno ukiwa wa moto, nao ngano. Mume wangu akaanza kuvuta ule uso wake wa tikitimaji.

Ila Zanzibar ina halua.

Sikuwahi kuona inavyopikwa. Tuliomba kwa muuza duka mmoja, akatupitisha nyuma, ambako kulikuwa na sufuria la shaba ambalo mtoto anaweza kuogea, na kijana mwenye mwiko mrefu kama kasia anakoroga huku jasho linamtoka. Ndani kuna sukari, maji, uwanga, samli, halafu iliki, kungumanga na zafarani, na mwishoni lozi au korosho. Kukoroga kwenyewe ni zaidi ya saa mbili bila kupumzika. "Ukisimama dakika moja tu inashika chini, basi tena," alisema fundi, mzee wa makamo aliyekaa kwenye kibao akimsimamia kijana. Halua ni ndugu wa halwa ya Oman, ambako hadi leo wapo watu wengi wanaozungumza Kiswahili. Na ule undugu ni wa zamani, tangu karne ya 19 Seyyid Said alipohamisha makao yake kutoka Muscat kuja Unguja.

Nikamuuliza uwanga wake unatokana na nini. "Muhogo, mwanangu. Lakini usile kwa mtu hujamuuliza, wengine wanatumia wanga wa ngano, wengine wa mahindi." Mume wangu aliposikia muhogo akanyoosha vidole. Halua haihitaji kijiko, unaimega kwa vidole vitatu, inavutika, inateleza, halafu iliki inapanda puani. Alifumba macho. Sikumbuki mara ya mwisho kumuona anafumba macho kwa kitu alichokuwa anakula.

Tatizo ni mshumaa. Nilikuwa na kale kamshumaa kembamba kwenye pochi, nikamwomba fundi ruhusa, nikakachomeka. Kakasimama. Halafu taratibu, kwa heshima zote, kakaanza kuinama mpaka kakalala. Fundi alicheka hadi akaondoka kwenye kibao. "Halua haisimamishwi kitu, bibiye, halua inakaribishwa kwa kahawa!" Ni kweli. Ni kitu cha sinia katikati ya watu waliokaa mkekani, harusini au sikukuu, kila mmoja anamega anapotaka. Nguvu yake ndiyo hiyo, lakini huwezi kuikata na kumwita mtu mbele. Tulinunua kikapu kidogo cha ukili kilichojaa, maana inakaa wiki nyingi bila friji, na tukaendelea.

Kashata tulizikuta Jaws Corner, pale wazee wanapocheza dhumna na kahawa chungu inamiminwa kwenye vikombe vidogo kutoka kwenye dele. Ya nazi na ya karanga, zote salama, zote tamu, zote ngumu kama tofali. Mshumaa ungevunjika. Jioni Forodhani tulikula pweza na samaki wa makaa kwa chumvi na ndimu, na juisi ya miwa. Urojo tuliupita, kwa sababu mara nyingi unatiwa uzito kwa unga wa ngano, na ile inayoitwa pizza ya Zanzibar nayo inajieleza. Hapo nitasema kitu kwa wanandoa wenzangu: kama mwenzako hali kitu, usile mbele yake kwa kujificha, ukimgeuzia mgongo kama mwizi. Mume wangu anachukia hilo kuliko kunyimwa. Nilikula urojo wangu nikimwangalia usoni, akanisimanga, tukacheka.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Binamu anakaa Mwanakwerekwe, nje kidogo ya mji, daladala zinakwenda kila wakati. Jirani yake ni bibi mmoja ambaye hupika mkate wa kumimina kwa oda. Mombasa mkate wa namna hii wanauita mkate wa sinia. Binamu alikuwa ameshaagiza tangu Alhamisi, maana huu mkate haupikwi kwa kushtukizwa: mchele lazima ulale majini usiku kucha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu ndo mwenye siku?"

Akamkagua mume wangu juu mpaka chini. Kisha akauliza lile swali ambalo mume wangu huwa analichukia, "Kwani ngano inakufanya nini?" Akamweleza kwa kifupi. Nikawa nasubiri ile huruma, ule uso wa "pole sana baba". Haukuja. Bibi akasema tu, "Mimi nna sukari. Napika vitamu mtaa mzima unakula, mwenyewe nala kipande kama ukucha. Kila mtu na chake." Akageuka kwenye jungu lake. Mazungumzo ya ugonjwa yakaishia hapo, na mume wangu akavuta kigoda akakaa karibu na jiko bila kuambiwa.

Nikauliza kama mkate wake una ngano yoyote. Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Ngano ya nini? Wapo siku hizi wanaotia vijiko viwili ati ushikane. Wavivu hao. Mchele ukisagika mpaka ukawa laini, unashika wenyewe." Hata hivyo alikuwa ameshaosha mashine ya kusagia na sufuria upya kwa maji ya moto, binamu alimwomba, na hakuona kama ni usumbufu.

Nimeandika alivyofanya, kwa ajili yenu mnaotaka kujaribu. Vikombe viwili vya mchele vimelowekwa usiku kucha na kuchujwa. Unasagwa na tui zito kama kikombe kimoja na nusu, sukari kasorobo kikombe au zaidi kidogo kwa anayependa, hamira kijiko kimoja cha chai na iliki iliyotwangwa papo hapo, siyo ile ya kopo. Unasaga mpaka ukiweka tone kati ya vidole usisikie chembe. Uwe mzito kama uji wa mgonjwa anayeanza kupona, ndivyo alivyosema yeye. Unaufunika, unauacha uumuke mpaka ujae mapovu, kisha unatia ute wa yai moja na kuupiga kidogo. Sufuria inapakwa mafuta na kupashwa moto kwanza, ndipo mkate unamiminwa, na jina lake limetoka hapo. Moto chini uwe wa wastani. Ukishaanza kushika pembeni, unafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. Jiko la oveni linafaa pia, lakini bibi aliposikia neno oveni alitikisa kichwa.

Wakati wa kupalia makaa ndipo nyumba ilipobadilika. Tui na iliki vikianza kuiva pamoja, harufu inatoka nje bila kuomba ruhusa. Watoto wa jirani wakaanza kuchungulia mlangoni, mmoja, wawili, mwishowe saba. Bibi hakuwafukuza. "Wageni wa bethdei hao," alisema.

Ulitoka juu rangi ya dhahabu, katikati umepanda kidogo, pembeni umeshika rangi ya asali. Alipoukata ubavu mmoja kutuonyesha, ndani ulikuwa mweupe, na vitundu vitundu kama sifongo. Nikatoa mshumaa wangu uliochoka. Bibi akauliza, "Utautoboa mkate wangu?" kisha mwenyewe akauchukua na kuuchomeka katikati. Ukasimama wima. Hakuna aliyepumua kwa sekunde kadhaa, tulikuwa tumeshazoea kuinama.

Tuliukalia mkekani uani: binamu na mumewe, bibi, wale watoto saba, na sisi wawili. Vijiti vya meno havikuwepo, tukatumia mikono. Mume wangu akawa MC wa bethdei yake mwenyewe. Akamwita bibi kwanza, akamlisha kipande kama ukucha, kama alivyotaka. Bibi akammegea cha kwake, kikubwa, akamlisha. Akauliza, "Nyie watu wa bara mnalishana kama vifaranga mpaka lini?" huku ameshika kipande cha pili. Watoto wakapanga foleni. Mdogo kabisa, wa kama miaka minne, alimkosea mdomo akamlisha kidevu. Kila aliyelishwa alimlisha, kutoka mkate ule ule, kisu kile kile, na hakuna aliyekuwa na huruma usoni, kila mmoja alikuwa na makombo.

Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Tuna picha ya harusi yetu sebuleni, ananilisha keki na mimi namlisha, wote wawili tumeachama kama viboko. Tangu agundulike sikuwahi kumlisha chochote mbele za watu. Nilimega kipande cha pembeni, kile chenye rangi ya asali, maana najua ndicho anachopenda kwenye kila kitu. Hakusema neno. Alinishika kifundo cha mkono akala mpaka kwenye vidole, na binamu akapiga picha iliyotoka na ukungu. Sitaifuta.

Halua tuliifungua baadaye, kwa kahawa chungu, giza likiwa limeingia. Kwa maoni yangu hapo ndipo pake hasa, baada ya mishumaa na kelele.

Kama nawe una mtu asiyekula ngano na unafikiria safari hii, agiza mkate siku moja kabla, na uliza kila unaponunua, hata kama inakuonea haya: kuna ngano humu, na hii sufuria ilipikiwa nini kabla? Vitumbua na vibibi ni vya mchele, lakini wapo wanaochanganya ngano humo pia, na vitumbua vikikaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga maandazi, navyo havimfai tena. Sukari na nazi vina uzito wake kiunoni, hilo sitawaficha.

Jumapili asubuhi tulikuwa bandarini na kipande kilichobaki kimefungwa kwenye kitambaa. Mama mkwe alipiga simu kutoka Moshi kumtakia mwanawe heri, siku moja kuchelewa kama kawaida yake. Mume wangu akaweka simu kwenye spika.

"Walikukatia keki baba?"

"Walinikatia mama. Nikalishwa na watoto saba."

"Keki gani tena, wewe si umekatazwa ngano?"

"Ya mchele, mama."

Kimya. Kisha tukasikia anamwita baba mkwe kwa sauti kubwa aje asikie kwamba mtoto wao bethdei amepikiwa wali.